Namba zinalingana lakini mtutu ni wa 1943: je, bunduki ya babu ni halisi?

"Shikamoo fundi. Kwetu ni Marangu. Marehemu baba ametuachia bunduki ya zamani aliyoachiwa na babu. Nyumbani tunaiita 'ya Mjerumani' kwa sababu inasemwa baba yake babu aliipata wakati wa vita ya kwanza. Desemba tulipokusanyika nikaifuta vumbi na kukuta maandishi. Upande wa kulia, kwenye bangili ya chuma ambapo mbao ya kitako inaingia, kuna taji, GR, B.S.A. Co., 1917, SHT. L.E. na III*. Karibu yake kuna mishale miwili midogo inayotazamana ncha kwa ncha. Kwenye mtutu kuna bendera mbili zilizopishana na '43, halafu maandishi madogo: taji, BNP, .303, 2.222, 18.5 TONS. Namba ya mtutu, ya mwili (chuma mtutu unapofungwa) na ya bolti (komeo la nyuma ya mtutu) ni moja, ila kofia ya chuma ya mbele ina namba nyingine. Mtu mmoja wa Arusha anayenunua vitu vya kale anasema mtutu si wake, kwa hiyo bunduki ni bandia, na ananipa bei ya chuma chakavu. Shemeji yangu anabisha kwamba namba zikilingana ni halisi. Nani mkweli? Na kwa kuwa ina mihuri ya kupimwa, tunaweza kuitumia kufukuza nguruwe pori kwenye shamba la chini? Leseni ilikuwa ya baba."

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Nitaanza na sentensi uliyoiweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Leseni ya silaha ni ya mtu, si ya ukoo. Kihamba kinarithiwa, migomba inarithiwa, leseni ya bunduki hairithiwi. Mzee alipofariki, ruhusa yake ya kuishika bunduki ile iliishia pale pale, na tangu siku hiyo kuna silaha kabatini kwenu isiyo na mwenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na hali hiyo. Kwa hiyo nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ukiwa na leseni ya marehemu na cheti cha kifo, utoe taarifa, na uulize utaratibu wa mmoja wenu kuomba leseni kwa jina lake au wa kuikabidhi. Nenda mikono mitupu kwanza. Usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo daladala mpaka Moshi mjini kwa nia njema. Watu wa nia njema wamelala mahabusu kwa staili hiyo. Toa taarifa, wao watakuelekeza namna ya kuifikisha. Na mazungumzo yako na yule mnunuzi wa Arusha yasimame mpaka hapo. Mtu anayetaja bei ya bunduki kabla ya kuuliza leseni iko wapi, mimi simwamini hata kwenye habari ya mtutu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Shemeji na mnunuzi wote wawili wamekosea, na kosa lao linatoka shina moja: kila mmoja anadhani bunduki ya jeshi inazaliwa na mtutu mmoja na kufa nao. Bunduki ya jeshi haiishi hivyo. Mtutu ni kama tairi la gari la mizigo, unachakaa na kubadilishwa, na gari linabaki lile lile kwenye daftari la mwenye mali.

Unachakaa kwa nini? Risasi za .303 za Waingereza zilitumia baruti iitwayo kodaiti. Ile ya awali ilikuwa na nitrogliserini asilimia 58. Ilichoma kwa joto kali mno na kula chuma pale mbele ya chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa, mahali risasi inapoanza kushika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Baadaye wakaipunguza mpaka asilimia 30 ili mitutu idumu. Juu ya hilo, fataki ya kitako cha risasi ya enzi hizo iliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi, kama kila mama wa pwani anavyojua, inavuta maji. Askari aliyepiga jioni akalala bila kuosha mtutu wake aliamka na kutu. Ndiyo maana walipewa faneli ya kumiminia maji ya moto ndani ya mtutu, kwa sababu mafuta peke yake hayayeyushi chumvi. Wengi hawakufanya. Fundi wa jeshi akichungulia na kuona mashimo, aliung'oa mtutu, akafunga mwingine, na hapa ndipo shemeji yako anapoteleza: akaupiga ule mtutu mpya namba ya mwili wa bunduki ile ile.

Kwa hiyo namba inayolingana ni cheti cha ndoa. Inakuambia mtutu huu na mwili huu waliunganishwa na fundi aliyeandikisha kazi yake. Haikuambii kama walitoka kiwandani siku moja. Cheti cha kuzaliwa ni tarehe, na wewe umekwisha kukiona: '43 kwenye mtutu, 1917 kwenye bangili.

Nakusimulia hili nikiwa nimelipia ada. Nilipokuwa kijana fundini, mkulima mmoja wa upande wa Usa River alituletea bunduki ya aina hii hii. Nikaangalia namba juu ya mtutu, nikaangalia mwili, nikamwambia kwa kujiamini: mtutu wa kiwandani, mzee, hujaguswa. Akafurahi, akampigia simu ndugu yake kumtambia. Wiki iliyofuata nikaondoa mbao ya mbele kwa sababu ilikuwa imeliwa na mchwa. Tumboni mwa mtutu, sehemu iliyofichwa na mbao, kulikuwa na namba nyingine imepigwa mstari wa patasi katikati, safi kabisa, na pembeni yake ile namba mpya. Mtutu ulikuwa umetolewa kwenye bunduki nyingine, ukiwa bado mzima, ukahamishiwa pale. Hakuna aliyedanganya, fundi wa jeshi aliandika wazi alichofanya, ila aliandika chini ya mbao. Nilimpigia yule mkulima simu mwenyewe. Tangu siku hiyo sitamki neno "halisi" kabla ya kuona tumbo la mtutu.

Basi tuisome bunduki yako, kwa sababu umeniandikia alama nyingi kuliko wateja wengi wanaonijia mkono kwa mkono.

GR ni mfalme George wa Tano, B.S.A. ni kiwanda cha Birmingham, SHT. L.E. ni Lee-Enfield fupi, bunduki ya jeshi la Uingereza, na III* ni toleo la tatu lenye nyota. Nyota hiyo ni ya vita: kuanzia mwisho wa 1915 na 1916 Waingereza waliondoa vikorokoro kadhaa, kama vile bamba la kuzuia risasi za magazini zisipande na vilengeo vya pembeni vya masafa marefu, ili viwanda vitoe bunduki nyingi haraka. Mwili wako, basi, ni wa Birmingham wa 1917, na hauna ubishi.

Mtutu wa 1943 uliwekwa wakati wa vita ya pili au baada yake, maana mtutu hauwezi kufungwa kabla haujatengenezwa. Zile bendera mbili zilizopishana ni muhuri wa majaribio wa jeshi la Uingereza. Utazikuta sehemu tatu: kwenye mtutu, kwenye mwili na kwenye bolti, kwa sababu hizo ndizo sehemu tatu zinazobeba mlipuko. Kofia ya mbele haibebi kitu, kwa hiyo namba yake kutolingana isikunyime usingizi. Kofia hizo zilifunguliwa na kurundikwa kwenye sanduku moja, na kila mtu alichukua iliyo karibu.

Mishale miwili nayo ina lugha yake. Mshale mmoja ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Serikali ilipoiuza bunduki kihalali, ilipiga mshale wa pili unaoutazama wa kwanza, kama mtu anayefuta jina lake. Baada ya hapo ikawa bidhaa ya duka, na bidhaa ya duka Uingereza sharti ipite nyumba ya majaribio ya kiraia. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813 na inafanya kazi mpaka leo. Ndiko yalikotoka yale maandishi madogo: BNP ni jaribio la Birmingham kwa baruti isiyo na moshi, .303 ni kipimo cha risasi, 2.222 ni urefu wa ganda kwa inchi, na 18.5 TONS ni shinikizo kwa kila inchi ya mraba. Muhuri huo wa BNP ulikuja na kanuni za 1954. Kumbuka mwaka huo, nitaurudia.

Kwa hiyo jibu la "nani mkweli" ni hili. Mtutu si wa kiwandani kwa maana ya 1917. Hapo mnunuzi amesema kweli. Lakini bandia si neno lake. Kwa alama ulizoniandikia, mtutu ni wa kijeshi, umefungwa kikazi, umepigwa namba ya mwili, na ukajaribiwa tena kabla ya kuuzwa. Mkusanyaji wa vitu vya kale angelipa zaidi kama ungekuwa wa 1917, sikufichi, maana wao hulipia tarehe zinazolingana kama watu wa mahari wanavyohesabu ng'ombe. Lakini kutoka hapo mpaka bei ya chuma chakavu ni mbali kama Marangu na Mtwara.

Ungenitia wasiwasi wa kweli kama ungeniambia bolti ndiyo yenye namba tofauti. Bolti ya bunduki hizi ililinganishwa na mwili wake kwa mkono, mpaka meno yake mawili yabebe uzito sawasawa. Mtutu mgeni uliofungwa vizuri hauna neno. Bolti ngeni iliyochomekwa kwa sababu "inaingia" inaweza kuelemea upande mmoja kwa kila risasi.

Kama unataka kuthibitisha, subiri polisi wamalize sehemu yao, kisha ipelekwe kwa fundi mwenye kibali mbao ya mbele ifunguliwe. Usiifungue wewe. Mafundi baiskeli wetu wameharibu nyingi hapa: wanaanza na kitako kwa sababu kinaonekana rahisi, wanaingiza bisibisi ndefu na kuzungusha ile skrubu ya ndani. Ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba na imeshikwa na kibamba kilichoko nyuma ya mbao ya mbele. Ukizungusha mbao ya mbele ikiwa bado ipo, unasikia "taa!", na mbao iliyodumu tangu 1917 imepasuka. Mbao ya mbele hutoka kwanza, daima.

Na tafadhali, msasa uwe mbali. Najua mkono unawasha kuona chuma kinang'aa. Kila msasa unaopita juu ya muhuri unafuta herufi, na bunduki yenye namba iliyofifia itakuletea maswali kituoni ambayo hutakuwa na majibu yake. Kitambaa cha pamba na mafuta ya taa kidogo vinatosha. Herufi ikikataa kusomeka, paka unga wa chaki juu yake, futa taratibu kwa kidole ili chaki ibaki ndani ya mchoro, kisha zima taa ya chumba na ulaze tochi ya simu kando kando ya chuma. Utaona hata mstari wa patasi wa miaka 80 iliyopita. Ukitafuta, angalia pia kama kuna herufi DP popote, au tundu lililotobolewa kwenye chemba. DP ni bunduki ya gwaride, iliyokataliwa kupiga risasi, na ukiiona mjadala wa nguruwe umeishia hapo.

Lakini hata usipoiona, nguruwe wa shamba la chini waendelee kufukuzwa kwa madebe na moto kwa sasa. Nikueleze muhuri wa majaribio unamaanisha nini hasa. Mjaribu huchukua risasi iliyotiwa nguvu kuliko ya kawaida, kama robo zaidi hivi, huipiga bunduki ikiwa imefungwa na yeye akiwa amejikinga, kisha hukagua kama mtutu umevimba, chemba imetanuka au meno ya bolti yamekunjika. Ikipita, anapiga muhuri. Muhuri unashuhudia siku ile tu. Haujui kama kuanzia siku ile bunduki imelala juu ya dari la jikoni ikila moshi wa kuni, kama mtu aliisafishia kwa waya wa umeme, au kama kutu imekula chini ya mbao mahali pasipoonekana. Gari lililopita ukaguzi mwaka 1955 hungelipandisha watoto leo kwa kuonyeshwa stika.

Kuna na kipimo ambacho macho hayakioni. Risasi ya .303 ina ukingo kwenye kitako chake, na ukingo huo hubanwa kati ya uso wa bolti na mwisho wa mtutu. Nafasi hiyo ikizidi kidogo tu, ganda linajivuta nyuma likipigwa, linachanika karibu na kitako, na gesi inatafuta njia ya kutokea nyuma, ambako liko jicho lako. Fundi huipima kwa geji mbili za chuma: moja bolti lazima ifunge juu yake, nyingine isifunge. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini haifanywi kwa kukisia, na sarafu haifai kuwa geji, ingawa nimeona ikijaribiwa. Atachungulia pia ndani. Mtutu wa Enfield wa aina hii kwa kawaida una mifereji mitano inayojipinda kushoto. Kingo zake zikiwa kali na zinang'aa ni habari njema. Zikiwa za mviringo kama sabuni iliyotumika, mtutu umemaliza siku zake, uwe wa 1917 au wa 1943.

Kwa hiyo njia zako ninaziona hivi. Mkitaka kuitumia, mmoja wenu aombe leseni, fundi aipime, na ikubalike kwamba jibu linaweza kuwa hapana. Binafsi, kwa bunduki yenye umri huu na shamba la mahindi, nisingesumbuka. Risasi zake nazo ni gharama, na zile kuukuu zilizobaki kwenye kopo la mzee msiziguse, zikabidhiwe pamoja nayo. Mkitaka kuiuza, ni kwa mwenye leseni na kwa ruhusa ya polisi, na hapo orodha ya alama niliyokufafanulia itakusaidia kukataa bei ya dharau. Mkiona ni mzigo, ikabidhini; miaka ya karibuni polisi wametangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila mashtaka, na anayeleta mwenyewe hupokewa tofauti na anayekutwa. Piga picha za kila alama kabla haijatoka mikononi mwenu. Picha hazihitaji leseni.

Limebaki jina, "ya Mjerumani", na hapa naomba unisamehe, maana nayagusa ya wazee. Wajerumani kweli waliteka bunduki za Waingereza huko Tanga Novemba 1914, na mtu angeweza kusema yako ni mojawapo. Lakini mwili wako ulitengenezwa 1917, miaka mitatu baadaye. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, kwa hiyo hata kwenye mapigano ya wakati huo ya vilima vya Latema na Reata bunduki hii ilikuwa bado haijazaliwa. Na ule muhuri wa 1954 unasema kwamba iliuzwa kiraia huko Uingereza mwaka huo au baadaye, ndipo ikaja huku. Yaelekea babu yako, siyo baba yake, ndiye aliyeinunua, pengine dukani na kwa risiti. Fungua kitabu cha leseni cha zamani kabisa mlichonacho, utazame tarehe ya kwanza.

Hiyo haimfanyi baba yake babu kuwa mwongo. Askari wengi wa Mjerumani mwanzoni mwa vita walibeba Mauser za 1871, za kipenyo cha milimita 11, zinazoingiza risasi moja moja, za baruti nyeusi. Zilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mpigaji alipo. Huenda ilikuwepo bunduki ya namna hiyo nyumbani kwenu, ikapotea au ikasalimishwa, na jina lake likahamia kwenye hii iliyoning'inizwa kwenye msumari ule ule. Kama bado mna shangazi mkubwa huko Marangu, mpelekee sukari na majani ya chai, kisha muulize swali moja: ile bunduki ya wazee aliyosimuliwa utotoni, ilisemekana ikipigwa inatoa moshi?